Kiti cha Magurudumu Mlangoni mwa Hiace

Katika nchi yetu hakuna sheria inayomkataza mlemavu kupanda gari la abiria. Kinyume chake, sheria zote zimesimama upande wake. Katiba yakataza mtu yeyote kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili. Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, mkataba ambao wataja usafiri waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mlemavu anastahili kuyafikia sawa na wenzake. Kisha, Januari 2018, ikatungwa sheria ya taifa ya kukuza na kulinda haki za watu hao. Aliyezisoma karatasi hizi angedhani kwamba mtu wa Musaga anayetembelea kiti cha magurudumu hutoka nyumbani asubuhi, akasimamisha gari, akaenda zake mjini kama jirani yake.

Sivyo mambo yalivyo, na kila mkazi wa Bujumbura ajua hivyo, kwa kuwa kila mkazi wa Bujumbura amewahi kuketi ndani ya gari lililopunguza mwendo, dereva akakiona kiti kile kando ya barabara, halafu akakanyaga mafuta. Basi swali tunalotaka kulichambua ni hili: ikiwa sheria imemfungulia mlango, ni nini kinachomfungia?

Jibu la haraka ambalo watu hulitoa ni kwamba madereva wa siku hizi hawana utu. Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Madereva ni watoto wa mitaa ile ile wanayotoka walemavu, na wengi wao wana kaka au shangazi mwenye hali hiyo nyumbani. Kinachomfungia mlemavu mlango ni hesabu, na hesabu hiyo haina budi kutazamwa kwa makini kabla ya kumlaumu yeyote.

Usafiri wa Bujumbura umebebwa, kwa sehemu kubwa sana, na gari dogo la Toyota Hiace. Kiwandani gari hili lilifikiriwa kwa kazi nyingi, nyingine za mizigo. Hapa kwetu limepangwa viti vya kuchukua abiria 18, wanne wanne katika kila mstari, na pale penye njia ya kupita vimewekwa viti vya kukunja, hata gari likijaa hapabaki nafasi ya kuweka mguu, sembuse gurudumu. Sakafu yake iko juu ya goti la mtu mzima. Mlango wake wa pembeni ni mwembamba, na paa liko chini kiasi kwamba mzima wa viungo huingia ameinama. Gari hili hukodishwa kwa hesabu ya siku: jioni dereva apaswa kumpelekea tajiri wake kiasi walichopatana, anunue mafuta, amlipe kondakta, ndipo kinachosalia kiwe chake. Faida yake yote imo katika idadi ya safari anazoweza kuzipata tangu alfajiri hadi usiku. Dakika tatu za kumwinua abiria, kukunja kiti chake na kukitafutia mahali ni dakika ambazo gari la nyuma litampita na kuokota watu wa kituo kinachofuata.

Kuna na hesabu ya pili. Kiti kilichokunjwa hakina mahali pake ndani ya Hiace. Kikiwekwa nyuma, mlango wa nyuma haufungi vizuri. Kikiwekwa mbele ya mlango, abiria hukiruka kila kituo. Kikilazwa juu ya siti, kimekula nauli ya mtu. Kwa hiyo kondakta, au konvwayeri kama tulivyozoea kumwita, hudai nauli mbili, moja ya mtu na moja ya kiti. Mlemavu aghalabu ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote waliomo garini, na ndiye anayelipa zaidi kuliko wote. Mzigo anaoulipia si gunia la mihogo apelekalo sokoni kuuza. Ni miguu yake. Hatujapata kumwona kondakta akimdai mtu nauli ya miguu yake.

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Methali hii hutajwa sana pale mlangoni, na mara nyingi hutajwa na abiria aliye dirishani, kwa sauti ya huruma, wakati gari linapoondoka. Tungependelea asiyesema kitu ambaye angesogea nusu ya siti.

Tuseme basi dereva amesimama, na nauli imekubaliwa. Hapo linakuja jambo ambalo hata wapigania haki huliona haya kulitaja, nalo ni namna ya kuinuliwa. Kondakta humshika abiria chini ya kwapa na kumvuta juu, huku kijana mwingine akisukuma kwa chini. Kwa mwanamume ni fedheha. Kwa mama wa Buyenzi aliyejifunga kanga na mtandio, kubebwa na vijana wawili asiowajua mbele ya umati wa kituo, nguo zikipanda, ni jambo linalomfanya ajiulize kama safari yenyewe ina lazima. Mama mmoja mshonaji wa mtaa huo alitueleza kwamba yeye huenda mjini pale tu mwanawe wa kiume anapokuwa huru kumbeba. Wateja wake wamejifunza kumletea vitambaa nyumbani. Wasiojua huenda kwa fundi mwingine. Kwa hiyo tunapowahesabu walionyimwa usafiri, hatuna budi kuwahesabu na wale wasiofika kituoni kabisa. Kituo kisichokuwa na mlemavu si ushahidi kwamba mtaa hauna walemavu.

Upande wa chombo chenyewe kuna fumbo ambalo lapaswa kueleweka na kila anayegawa misaada. Vyombo viwili hutumika mjini kwetu. Kimoja ni kiti cha kukunja cha namna ya hospitali, chenye magurudumu madogo mbele. Hiki chaweza kuingia garini kikikunjwa, lakini kilibuniwa kwa sakafu laini. Kikikutana na mawe, mchanga au matope ya Aprili, magurudumu yale madogo huzama na aliyekalia huelekea kuanguka kifudifudi. Cha pili ni baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Hii ni farasi wa kweli: yapita barabara mbovu, tairi zake huzibwa pancha na fundi yeyote wa baiskeli chini ya mwembe, na yaweza kubeba hata bidhaa. Lakini ni ndefu na nzito, haikunjiki, na haiingii ndani ya Hiace kwa namna yoyote. Kwa maneno mengine, chombo kinachokufikisha kituoni hakipandi gari, na chombo kinachopanda gari hakikufikishi kituoni.

Na mji wenyewe? Maumbile yamekuwa mema kuliko watu. Bujumbura ya chini imekaa juu ya uwanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita 770 na ushei, na sehemu kama Buyenzi, Bwiza na Ngagara ni tambarare na zimepangwa kwa barabara zilizonyooka. Miji mingi ya milimani ingetamani bahati hiyo. Taabu huanza unapopanda Kiriri au Gihosha, au unapovuka mabonde ya mito kama Ntahangwa ambayo kila masika hula kingo zake na kutishia barabara na nyumba. Hata hivyo kinachomkwamisha mwenye kiti katika mitaa ya tambarare ni kitu kidogo zaidi, yaani mitaro. Barabara zetu zimezungukwa na mitaro ya saruji iliyo wazi. Mtu mzima huiruka bila kufikiri. Mwenye magurudumu hutafuta mahali palipowekwa bamba la zege, na bamba hilo likivunjika au likiibwa vyuma vyake, mtaa mzima umefungwa kwake mpaka litakapowekwa jingine.

Yafaa tukumbuke ni nani hasa tunaowazungumzia. Wamo waliopooza kwa polio utotoni, kabla chanjo haijaenea. Wamo waliojeruhiwa kwa risasi na mabomu ya ardhini katika vita vilivyoanza baada ya Oktoba 1993, raia kwa wanajeshi, wa pande zote. Wamo wanajeshi waliopelekwa Somalia tangu Desemba 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika na wasirudi kama walivyokwenda. Hawa tunawafahamu kwa majina, na baadhi yao tulijifunza nao kupanga mstari. Wamo walioangushwa na pikipiki, waliokatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na wazee ambao magoti tu yamechoka. Na asidhani mtu kwamba orodha hii imefungwa. Machi 2023 ulitangazwa mlipuko wa polio hapa nchini, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30, baada ya virusi kuonekana kwa mtoto wa miaka minne wa wilaya ya afya ya Isale, kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye, na katika maji machafu.

Katika miaka zaidi ya kumi iliyopita yametokea mambo matatu ambayo hayakukusudiwa dhidi ya walemavu, lakini kila moja limewarudisha nyuma.

La kwanza ni moto. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Kabla ya hapo mtu alihitaji gari moja tu kufika mjini, na mahitaji yake yote, chakula, nguo, dawa na jamaa wa kumsaidia, yalikuwa hatua chache kutoka mahali aliposhushwa. Baada ya moto biashara ilitawanyika: wengine Ruvumera huko Buyenzi, wengine Cotebu, wengine lile soko la Ngagara ambalo watu hulijua kwa jina la Kwa Siyoni. Anayetoka Kanyosha au Musaga sasa hubadili gari katikati ya mji. Kwa mzima kubadili gari ni usumbufu. Kwa mwenye kiti ni kuinuliwa mara nne badala ya mara mbili, na kujadiliana nauli upya na kondakta mwingine.

La pili ni amri ya Machi 2022 iliyoondoa bajaji, pikipiki za abiria na baiskeli katika sehemu kubwa ya mji, ikaanza kutekelezwa tarehe 21 ya mwezi huo. Ilitolewa kwa hoja ya usalama barabarani, na anayekumbuka jinsi pikipiki zilivyokuwa zikipenya kati ya magari hawezi kusema kwamba hoja hiyo ilikuwa ya kubuni. Walakini ni wajibu wa mchambuzi kutazama pande zote za jambo. Katika vyombo vyote vya abiria vilivyokuwapo mjini, bajaji ndiyo peke yake iliyokaribia kumfaa mlemavu. Sakafu yake iko chini, ubavu wake uko wazi, hufika mpaka mlangoni mwa nyumba, na dereva wake hakuwa na abiria wengine 17 wa kumpigia kelele. Mtu aliweza kujisogeza kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye siti kwa nguvu za mikono yake mwenyewe, bila kubebwa na mtu. Ilipoondoka, kilichobaki kwake ni Hiace au teksi ya kukodi, na teksi si chombo cha mshonaji. Amri ya usalama haikuwa na sababu ya kutoweka nafasi ya pekee kwa bajaji chache zilizosajiliwa kwa ajili ya wagonjwa na walemavu. Nafasi hiyo bado yaweza kuwekwa, na usalama usipungue hata kidogo.

La tatu ni mafuta. Ukosefu wa fedha za kigeni ulileta uhaba wa petroli ambao kuanzia mwaka 2022, na zaidi katika miaka iliyofuata, umewafanya watu wa Bujumbura wajue tena kutembea. Mistari ya abiria vituoni imekuwa mirefu hata jua likazama watu wangali wamesimama. Mahali gari ni moja na wanaolingoja ni mia, mlango hupatikana kwa viwiko. Sisi hatuhitaji kumweleza msomaji nani hushinda katika mapambano ya viwiko.

Kuna safari moja inayoonyesha mkanganyiko huu kuliko zote. Kituo cha taifa cha kutengeneza viungo bandia na mazoezi ya viungo kiko Gitega. Kutoka Bujumbura ni kilomita zipatazo 100, barabara ikipanda kutoka ufukoni mwa ziwa hadi zaidi ya mita 2,000 kwenye milima ya Bugarama, kisha kuteremka kupitia Muramvya. Yaani aliyekatwa mguu na anayetaka mguu kule hana budi kwanza kufanya safari ambayo yataka miguu. Ni kweli kwamba hapa mjini kuna mahali kama Taasisi ya Mtakatifu Kizito, iliyowahudumia watoto wengi wenye ulemavu wa viungo. Lakini mtoto hurudi nyumbani, hukua, na siku moja husimama, au tuseme huketi, kando ya barabara akingoja gari.

Je, majirani zetu wamefanyaje? Kenya ilitunga sheria mwaka 2003 iliyowataka wenye magari ya abiria kuyarekebisha yawafae walemavu, lakini kifungu hicho kiliachwa kando kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kutumika, na anayeijua Nairobi ajua kwamba matatu nyingi zilibaki na ngazi zake. Dar es Salaam ilishika njia nyingine. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa kwa kimo cha sakafu ya basi, hivyo kiti huingia kwa kusukumwa tu. Msongamano wa watu umeziba sehemu ya faida hiyo, lakini somo limebaki: huko Dar es Salaam hakuombwa dereva kuwa mwema, sakafu ndiyo iliyofanya kazi. Hata Marekani, ambayo wengi hudhani ilizaliwa na mabasi yenye kunyanyua viti, ilifika hapo kwa mvutano. Julai 1978, katika mji wa Denver, walemavu 19 waliyazingira mabasi kwa viti vyao na kulala usiku kucha barabarani, kwa kuwa mji ulikuwa umenunua mabasi mapya wasiyoweza kuyapanda. Sheria ya nchi nzima ilikuja miaka 12 baadaye, mwaka 1990.

Bujumbura haina fedha za mwendokasi, na hatutaki kumdanganya mtu kwamba zi karibu. Yapo hata hivyo mambo ambayo hayangoji fedha. Vituoni tayari wapo watu wa kusimamia mstari, na penye msimamizi pana uwezekano wa kanuni: mwenye kiti, mama mjamzito na mzee wasiwe sehemu ya mstari, na gari lisiondoke kabla ya mmoja wao kuulizwa. Nauli ya kiti ifutwe kwa tamko moja lililobandikwa mlangoni mwa kila gari, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, ili kondakta asiwe na la kujadili. Hasara ya nafasi hiyo igawanywe kwa magari yote ya njia ile kwa kupokezana. Chama cha wenye magari kinachoweza kupanga zamu za kupakia chashindwa nini kupanga na hii?

Kuhusu kuinua, twazungumza kwa ujuzi. Kila kuruta, kabla hajakabidhiwa silaha, hufundishwa kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa. Hufundishwa kwamba kwapa si mpini. Watu wawili hushikana vifundo vya mikono, wakafanya kiti cha mikono minne, aliyebebwa akakaa wima na kuwashika mabegani, nguo zake zikiwa mahali pake na uso wake ukiwa sawa na nyuso zao. Jambo hili lafundishwa kwa asubuhi moja. Wafundishwe makondakta wa Bujumbura, kituo baada ya kituo, na tunaamini kwamba waalimu wa kujitolea hawatakosekana miongoni mwa waliovaa sare na waliozivua.

Kisha wako mafundi wa Buyenzi. Mtaa ule ambao hufufua magari yaliyokwisha kuzikwa hauwezi kushindwa na ubao wa mteremko. Kanuni ya mafundi wa ujenzi ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kimo ziwepo 12 za urefu, na kwa kipimo hicho ubao wa kufika sakafu ya Hiace kutoka ardhini ungekuwa mrefu kuliko gari lenyewe. Kwa hiyo wanaopendekeza kila gari libebe ubao wake hawajapima. Lakini jukwaa moja la zege katika kila kituo kikubwa, lenye kimo cha sakafu ya gari na mteremko wa kudumu upande wa pili, lingeacha pengo ambalo kipande cha chuma cha nusu mita chatosha kuliziba. Cotebu yaweza kuwa ya kwanza, kwa sababu magari ya kaskazini yote hupita hapo na nafasi ipo.

Na OTRACO, shirika la umma, haliko chini ya hesabu ya tajiri wa jioni. Mabasi yake ni makubwa, na njia yake ya ndani yaweza kupokea kiti bila kukunjwa pindi siti mbili za mbele zitakapong'olewa. Siku shirika hilo litakapoagiza au kupokea mabasi mengine, karatasi ya maagizo itakuwa na mistari kuhusu injini, rangi na idadi ya viti. Twaomba uongezwe mstari mmoja juu ya kimo cha sakafu, na uandikwe kabla ya mabasi kupakiwa melini, maana yakishateremshwa bandarini Dar es Salaam hakuna atakayeyakata ngazi.